Kushindwa Kuzuia Choo Baada ya Upasuaji wa Puru: Mwongozo Kamili wa Kujihudumia

Umefanyiwa upasuaji wa saratani ya puru, kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana kilicho juu tu ya njia ya haja kubwa. Uvimbe umetolewa, kitundu cha muda cha tumboni, kilichokuwa kikipitisha choo kwenye mfuko, kimefungwa, na daktari amekuambia mambo yamekwenda vizuri. Unarudi nyumbani, halafu unakuta asubuhi unakwenda chooni mara nne kabla hujamaliza chai, unabanwa ghafla bila nafasi ya kufika mlangoni, na usiku unaamka shuka limechafuka. Wengi hawamwambii mtu. Wanapunguza kula, wanaacha ibada za pamoja, wanakataa safari na harusi, wakiamini hiyo ndiyo bei ya kupona saratani.

Hali hii ina sababu zinazoeleweka na ina matibabu yanayopanda ngazi kwa ngazi, na ngazi za chini unaweza kuzipanda ukiwa nyumbani. Hospitalini utasikia ikiitwa LARS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, low anterior resection syndrome. Ukilitaja jina hilo, daktari wa upasuaji ataelewa mara moja unazungumzia nini.

Kilichobadilika ndani

Puru, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ni ghala. Hutanuka, hupokea choo, hukishikilia na kukupa taarifa mapema ili uchague wakati wa kwenda. Ikikatwa, daktari huvuta utumbo mpana wa juu na kuuunganisha karibu na njia ya haja kubwa. Utumbo huo kazi yake ni kusukuma, haujui kuhifadhi. Kila kinachofika unakisukuma, kidogo kidogo, na ndiyo maana unatoka chooni ukidhani umemaliza, halafu dakika kumi baadaye unarudi.

Kuna na mengine. Msuli wa ndani unaobana bila wewe kufikiri unaweza kuwa umelegea kutokana na upasuaji. Mishipa midogo ya fahamu inayopita nyongani inaweza kuwa imeguswa. Mionzi, kama ulipewa, huacha nyama za eneo hilo zikiwa ngumu zisizotanuka. Hata uwezo wa kutofautisha hewa na choo unaweza kupungua, ukabaki huna uhakika ukijamba kitatoka nini. Kadiri kiungio, yaani pale utumbo ulipounganishwa, kilivyo chini zaidi, ndivyo dalili zinavyokuwa nzito.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linalopanga hatua zote zinazofuata. Kwa wagonjwa wengi shida kubwa ni utumbo usiomaliza, kuliko msuli ulioshindwa kubana. Mabaki yanayobaki juu ya kiungio ndiyo yanayokurudisha chooni na ndiyo yanayovuja ukiwa umelala. Mtu anayekazana kubana tu, huku choo chake ni majimaji na hakimaliziki, atachoka bila kuona tofauti. Kwa hiyo tutaanza na kukifanya choo kishikamane, kisha kukimaliza kwa saa moja inayojulikana, ndipo tuje kwenye kubana.

Miezi 6 hadi 12 ya kwanza baada ya utumbo kurudishwa ndiyo yenye mabadiliko makubwa, na wengine huendelea kupata nafuu hadi mwaka wa pili. Wiki za mwanzo kwenda chooni mara kumi au zaidi kwa siku hutokea sana. Lakini usikae tu kusubiri muda upite. Hatua hizi zinaanza sasa.

Kwanza hakikisha si jambo jingine

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona damu mpya au usaha, ukipata homa, maumivu makali ya tumbo au ya nyonga, tumbo likijaa na kutapika huku hewa haitoki, au uzito ukishuka bila sababu. Hayo hayatibiwi kwa mwongozo.

Kagua pia dawa zako nyingine. Metformin ya kisukari huharisha watu wengi, vivyo hivyo antibayotiki na baadhi ya dawa za kiungulia zenye magnesiamu. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie daktari, mara nyingi kuna aina mbadala au dozi nyingine. Na kama choo ni majimaji kidogo kidogo siku nzima huku tumbo likiwa limejaa, huenda umefunga choo na yale maji yanapita pembeni ya kinyesi kigumu. Hapo dawa ya kuzuia kuharisha itakuumiza zaidi, kwa hiyo upimwe kwanza.

Hatua ya 1: Daftari la wiki moja

Chukua daftari la kawaida. Kila unapokwenda chooni andika saa, choo kilikuwaje (kigumu, laini, uji, maji), uliweza kujizuia kwa dakika ngapi, na kama ulijichafua. Pembeni andika ulichokula na dawa ulizomeza. Wiki moja inatosha kuonyesha mwenendo: pengine kila kitu hutokea kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, pengine ni baada ya chai ya maziwa, pengine usiku wa siku uliyochelewa kula.

Daftari hili litakusaidia pia kliniki. Kuna kipimo cha maswali 5 kilichotolewa na watafiti wa Denmark mwaka 2012, nacho huuliza hivi: je, hewa hukuponyoka, je, choo cha maji hukuponyoka, unakwenda mara ngapi kwa siku, je, hulazimika kurudi ndani ya saa moja, je, hubanwa kiasi cha kukimbia. Alama ni kati ya 0 na 42, na kuanzia 30 hali inahesabiwa kuwa kali. Ukienda na majibu ya maswali hayo yameandikwa, dakika chache za daktari zitatumika vizuri.

Hatua ya 2: Kukifanya choo kishikamane

Niseme kwa nguvu: usijinyime chakula. Kutokula hakuzuii choo. Utumbo mtupu bado unatoa ute, nyongo na hewa, na kinachotoka kinakuwa majimaji makali yanayochoma ngozi. Zaidi ya hapo mwili uliotoka kwenye upasuaji, na pengine tibakemikali, unahitaji protini ili kidonda kipone. Kula mara tatu kwa saa zilezile, sahani ya wastani, tafuna vizuri. Chakula cha jioni kiwe mapema, saa kumi na mbili au saa moja, na kiwe chepesi kuliko cha mchana. Badiliko hilo peke yake huokoa shuka nyingi.

Vyakula vinavyoshikisha choo tunavyo tele: wali mweupe, uji wa mchele, ndizi mbichi za kupika, viazi mviringo, ndizi mbivu, mkate, ugali wa sembe. Pambia kwa samaki, kuku, yai au nyama laini iliyochemshwa. Vinavyochochea ni pilipili, kahawa, pombe, soda na juisi zenye sukari nyingi, chipsi na vyakula vya mafuta mengi, papai na embe kwa wingi. Maharage, kunde, kabichi na vitunguu vibichi huleta hewa. Maziwa yanawasumbua watu wengi wazima wa kwetu hata wasiofanyiwa upasuaji. Jaribu wiki moja ya chai ya rangi uone. Mtindi huvumilika zaidi. Bazoka zisizo na sukari zina vitamu vinavyoharisha, nazo pia zikiingiza hewa tumboni.

Lakini usiifanye orodha hiyo kuwa sheria ya maisha. Utumbo wa mtu haufanani na wa mwenzake, na nimeona watu wakibaki na wali na chai mwaka mzima kwa woga. Ondoa kitu kimoja, angalia daftari siku tatu nne, kisha kirudishe kidogo. Kama hakileti shida, kibaki mezani. Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja, hutajua kipi kilikusaidia.

Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hufanya kazi mbili: hufyonza maji ya choo chepesi, na hukiunganisha kiwe kitu kimoja kinachotoka kwa mkupuo. Zinapatikana kwenye uji wa shayiri na ndizi, na kwa nguvu zaidi kwenye maganda ya isabgoli (psyllium) yanayouzwa famasi na kwenye maduka ya Kihindi. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku katika glasi ya maji, koroga na unywe hapo hapo kabla haijawa nzito. Baada ya wiki, kama tumbo halijajaa hewa, ongeza kijiko cha pili. Usiitumie kama choo chako kimekuwa chembamba sana na tumbo linasokota, maana kiungio kinaweza kuwa kimesinyaa. Hiyo ni kazi ya daktari kuangalia.

Maji kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ila zaidi katikati ya milo. Siku ya kuharisha sana tumia ORS. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa.

Hatua ya 3: Saa ya choo

Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka na kusukuma. Asubuhi nguvu hiyo huwa kubwa zaidi. Itumie. Kunywa kitu cha moto, kula kifungua kinywa, na dakika 20 hadi 30 baadaye nenda chooni, umebanwa au hujabanwa, kila siku saa hiyohiyo.

Mkao una maana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, egemea mbele, viwiko juu ya mapaja. Pumua kwa tumbo, lilegeze, acha lijitokeze. Usikaze na kushikilia pumzi. Kukaza kunafunga njia badala ya kuifungua. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri kwa asili, ila kwa mtu aliyetoka hospitali magoti hutetemeka, na kuanguka ni hatari. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, kinafaa sana, au chuma imara ukutani cha kushikilia.

Baada ya kile cha kwanza kutoka, usikimbilie kuvaa. Wengi wanakosea hapa. Simama, tembea chumbani dakika tano, kunywa maji kidogo, urudi ukae tena. Fanya hivyo mara mbili. Unalipa muda asubuhi ili mchana uwe wako. Kila kikao kisizidi dakika kumi. Kama hakimaliziki kabisa, muulize daktari kuhusu dawa ya gliserini ya kuingiza njia ya haja kubwa. Kwa kiungio kilichopona husaidia wengi, lakini usiingize chochote kabla hajakuruhusu.

Pia fundisha utumbo kusubiri. Ukibanwa ghafla, usikimbie, kwani mshtuko wa mwendo na hofu vinaongeza msukumo. Simama au kaa, bana mara kadhaa kwa nguvu, pumua polepole, ngoja wimbi lipite, ndipo utembee kwa mwendo wa kawaida. Anza mazoezi haya ukiwa nyumbani, mlango wa choo ukiwa karibu. Jitahidi dakika moja, wiki inayofuata mbili, hadi kumi.

Hatua ya 4: Msuli

Anza pale daktari wa upasuaji atakaposema kiungio kimepona. Jifanye unazuia hewa isitoke mbele ya watu: kile kinachopanda juu na kujikunja ndicho chenyewe. Makalio, mapaja na tumbo vitulie, na pumzi iendelee.

Bana kwa kuhesabu hadi 5, legeza kwa kuhesabu hadi 10. Mara 10. Kisha bana-achia za haraka mara 10. Rudia mara tatu kwa siku, ukianza umelala, baadaye umekaa, mwisho umesimama, na uongeze muda wa kubana hadi kufikia 10. Kulegeza kikamilifu ni nusu ya zoezi, maana msuli usiolegea hauruhusu choo kumalizika. Funganisha zoezi na jambo ambalo hulisahau, kama baada ya swala au kila unapopiga mswaki. Matokeo huonekana taratibu, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi. Hospitali kubwa zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Uliza kama yupo anayeshughulika na misuli ya nyonga, kwa sababu watu wengi hubana msuli usiohusika kwa miezi bila kujua.

Hatua ya 5: Loperamide

Ni dawa ya bei ndogo na ndiyo inayotumika zaidi. Hupunguza mwendo wa utumbo ili maji yafyonzwe. Kidonge kina miligramu 2. Watu hukosea wakati wa kuimeza: wanasubiri waharishe kwanza. Kwa hali hii humezwa kabla, nusu saa kabla ya chakula kinachokusumbua, kwa kawaida cha asubuhi. Anza na kimoja, kaa nacho siku tatu, angalia daftari. Bila daktari usivuke vidonge 4 kwa siku. Yeye anaweza kupandisha hadi miligramu 16; kuzidi hapo huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ukikosa choo siku mbili, punguza. Usiitumie kukiwa na homa au damu kwenye choo.

Kwa baadhi ya watu sababu ya choo cha maji ni nyongo isiyofyonzwa vizuri, au bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba. Vyote vina dawa zake, kwa hiyo loperamide ikishindwa, rudi kliniki.

Hatua ya 6: Ngozi

Desturi yetu ya kutawadha kwa maji ni bora kuliko karatasi. Tumia maji ya vuguvugu, bila sabuni ya mche wala dettol. Zinaondoa mafuta ya ngozi na kuacha michubuko. Kausha kwa kubonyeza kitambaa laini cha pamba, usisugue. Kisha paka tabaka jembamba la krimu ya zinki au vaselini kila mara, hata siku ngozi ikiwa nzima. Ikishachubuka, kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 mara mbili kwa siku. Vipele vyekundu vinavyowasha na kusambaa pembeni huwa ni fangasi, na vaselini haiviondoi. Vinahitaji krimu ya fangasi.

Pedi za kawaida zinatosha uvujaji mdogo. Pampasi za watu wazima zibaki kwa usiku mbaya na safari, kwani joto lake huozesha ngozi. Kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kikafuliwa na kuanikwa juani, kinafaa pia.

Hatua ya 7: Kuosha utumbo kwa maji

Kama miezi kadhaa imepita na bado unarudi chooni mara kwa mara, hii ndiyo hatua ninayotamani wagonjwa wengi zaidi waijue. Mgonjwa akiwa amekaa chooni huingiza maji ya vuguvugu, yenye joto la mwili, kupitia koni au mrija maalumu, kisha huyaachia yatoke na choo. Kiasi huanza kidogo na kupandishwa taratibu, kwa wengi hadi kati ya mililita 500 na lita moja. Utumbo ukishaoshwa sehemu ya chini, unaweza kukaa siku nzima, hata mbili, bila kitu kushuka. Inatibu chanzo chenyewe, yaani mabaki.

Lazima ufundishwe na muuguzi au daktari, baada ya kiungio kuthibitishwa kuwa kimepona. Usijitengenezee kwa mpira wa bomba na ndoo: mrija mgumu au maji ya kasi yanaweza kutoboa utumbo, na hilo ni jambo la kufa na kupona. Uliza wauguzi wanaohudumia wenye vitundu vya tumboni, kwa kuwa hao ndio wenye ujuzi ulio karibu zaidi.

Kutoka nyumbani

Andaa mfuko mdogo wa kudumu: nguo ya ndani na suruali au kanga ya kubadili, pedi, chupa ya maji, krimu, mifuko miwili ya plastiki ya kufunga, na loperamide. Siku ya safari maliza ratiba yako ya asubuhi kwanza, hata kama itabidi uamke saa kumi, kisha kula kidogo na kikavu. Basi la mikoani omba kiti karibu na mlango na umwambie kondakta mapema kwamba una tatizo la tumbo na huenda ukahitaji kuchimba dawa nje ya kituo. Akiambiwa kabla, mara nyingi huelewa kuliko akiambiwa basi likiwa kasi.

Kwa Muislamu anayevujwa bila kujizuia, fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na wengi pwani ina mlango wa mwenye udhuru wa kudumu: anajisafisha, anajifunga vizuri, anatia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, na anasali bila kuchelewa. Zungumza na sheikh wako, kwa sababu wapo walioacha kusali kwa kudhani swala yao haisihi.

Kwenye ndoa, mwambie mwenzako kinachoendelea kabla hajakisia vibaya. Upasuaji wa nyonga unaweza pia kugusa nguvu za kiume, hamu, na kwa mwanamke ukavu na maumivu. Hayo nayo yana matibabu. Na wewe unayemuuguza baba, mama au shangazi: fua bila kuguna, weka ndoo na maji karibu na kitanda chake, na usimpangie chakula kwa kumpunguzia.

Ikifika mwaka bado hali ni kali

Zipo njia mbili za mwisho. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachopandikizwa karibu na makalio na kutuma umeme hafifu kwenye mishipa ya fahamu ya nyonga. Ni ghali na hakipatikani hospitali nyingi. Ya pili ni kurudisha kitundu cha tumboni kwa kudumu. Wengi hulia wakisikia hivyo. Lakini mtu aliyefungwa ndani ya nyumba na choo chake ana haki ya kuchagua mfuko utakaomrudisha kazini na kwenye mikutano ya ukoo. Kabla ya kuamua, muulize daktari maswali matatu: je, kuosha utumbo kwa maji kumejaribiwa ipasavyo, kiungio kimechunguzwa kama kimesinyaa, na kitundu kitawekwa upande gani na urefu gani ili mkanda na nguo zako visikibane. Omba kupaona mahali kitakapochorwa ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, kabla ya siku ya upasuaji.